Picha ya ubongo kwa mgonjwa wa kifafa: kuiomba, kuipiga na kuisoma ili chanzo kionekane

Maswali ni yale yale kuhusu CT (picha ya vipande kwa eksirei) na MRI (picha kwa sumaku). "Huyu ana kifafa, nimwandikie CT au MRI?" "MRI imerudi kawaida, kwa hiyo hana kifafa?" "CT ina doa jeupe, nianze albendazole, dawa ya minyoo, leo?" Mwongozo huu ni wako wewe tabibu au daktari mpya wa wilaya, muuguzi wa kliniki ya kifafa, na mteknolojia wa mionzi ambaye fomu zinamfikia zimeandikwa maneno mawili tu. Familia ya mgonjwa nayo inaweza kusoma sehemu ya maandalizi na kuifuata kama ilivyo.

Elewa jambo moja kabla ya yote: picha haithibitishi kifafa. Kifafa kinajulikana kwa maelezo ya shambulio, na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ikipatikana inaongeza nguvu. Kazi ya picha ni kutafuta kovu, kifuko, uvimbe au hitilafu ya kuzaliwa nayo inayochokoza ubongo. Majibu mengi ya "ubongo wa kawaida" hayatokani na ubongo kuwa salama. Yanatokana na ombi lisilo na swali na picha zilizopigwa kana kwamba mgonjwa anaumwa kichwa tu.

KABLA YA KUJAZA FOMU

Uwe na haya mkononi:

- Maelezo ya mtu aliyeona shambulio linavyoanza. Watu hupenda kusimulia povu na kujikojolea, na hayo hayakuonyeshi upande. Uliza kilianza nini, mkono upi ulitangulia kucheza, kichwa kiligeukia wapi, macho yalikuwa wazi au yamefumba. Mgonjwa mwenyewe muulize alihisi nini kabla: kitu kinachopanda kutoka tumboni, harufu ya kuungua, mwanga unaometameta. Kisha uliza alipozinduka mkono upi ulikuwa mlegevu, na kama aliweza kusema.
- Video ya simu, kama ipo. Sekunde 20 za mwanzo zina thamani kuliko dakika tano za mwisho.
- Sukari ya damu, kipimo cha malaria, shinikizo la damu, na sodiamu kama maabara yako inapima. Sukari ya 1.8 mmol/L inaangusha mtu vizuri sana, na CT yake itatoka safi.
- Hali ya VVU, na CD4 kama anaishi navyo.
- Kwa mwanamke: ana mimba? Akianguka mimba ikiwa imepita wiki 20, kwanza fikiria kifafa cha mimba. Mpe magnesiamu salfeti na shusha shinikizo. Picha itasubiri.
- Kreatinini (kipimo cha figo), kama dawa ya kontrasti, ile ya kung'arisha picha, inaweza kuhitajika.
- Uzito wa leo. Usikadirie.
- Picha za zamani, kwa CD au flashi. Filamu iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa rambo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini kwa kidogo tu.

HATUA

1. Amua kama picha inahitajika, na kwa haraka gani.

CT ya leo leo ni kwa anayeshikwa mara ya kwanza na ana mojawapo ya haya: ameumia kichwa, hazinduki kama inavyotarajiwa, ana udhaifu mpya wa upande mmoja, kichwa kimemuuma kwa siku nyingi kikizidi, ana homa na shingo ngumu, ana VVU, ana saratani, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu aliyepita miaka 40 bila kuwahi kuanguka naye usimwache aende bila picha.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 aliyepata degedege la homa la mwili mzima, chini ya dakika 15, mara moja tu ndani ya saa 24, akarudi kuwa kama kawaida: hahitaji picha. Tafuta chanzo cha homa. Kijana mwenye kifafa cha kurithi kinachojulikana, kwa mfano anayeruka mikono asubuhi akishika kikombe na EEG yake inakubaliana na hilo, naye MRI haitakuongezea kitu.

Waliobaki, hasa wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja ya mwili na wale ambao dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutolewa kwa dozi ya kutosha zimeshindwa, wanahitaji MRI iliyopangwa. Haina haja ya kupigwa usiku wa manane.

2. Chagua mashine kwa swali unalouliza.

CT ni hodari kwa damu mbichi, mfupa uliobonyea, uvimbe mkubwa, maji yaliyojaa kichwani na madoa ya chokaa. Hilo la mwisho ni kubwa kwetu, kwa sababu vifuko vya tegu wa nguruwe vikishakufa hubaki kama punje za chokaa, na CT huziona kuliko MRI ya kawaida. CT za wagonjwa wa kifafa waliochunguzwa Haydom, Mbulu, zimeonyesha madoa na vifuko hivyo. Ukiwa sehemu ambako nguruwe huzurura na vyoo ni haba, CT ni kipimo cha kuanzia kisicho cha kudharau.

MRI ni hodari kwa vitu vidogo na laini: kovu la hipokampasi (sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo wa panjani), gamba la ubongo lililoumbika vibaya, mshipa wenye kasoro, kifuko hai chenye kichwa cha mnyoo ndani. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ni bora, ya 1.5 inatosha ikiwa na koili nzuri ya kichwa, kile kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea mawimbi. Zile za nguvu ndogo, 0.2 hadi 0.4, zitakuonyesha uvimbe, maji na vifuko, ila zikisema "kawaida" usizitumie kufunga faili la mtu ambaye dawa zimemshinda.

Kosa la kawaida: kumpiga mgonjwa CT tatu ndani ya miaka miwili kwa sababu MRI iko mbali. CT moja ya kichwa ni takriban milisiveti 2 za mionzi. Kama CT ya kwanza haikuonyesha kitu na mgonjwa hajabadilika, ya pili haitaonyesha pia. Nauli ya CT ya pili ingempeleka kwenye MRI.

3. Andika ombi lenye swali.

Ombi bovu ni hili: "Kifafa. Naomba MRI ya kichwa." Mteknolojia atapiga vipande vya milimita 5 kama anavyopigia kiharusi, na atakuwa hajakosea.

Ombi zuri ni hili: "Mwanaume, miaka 27. Degedege refu la homa akiwa na miaka 2. Tangu miaka 14 anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, anakodoa macho, anatafunatafuna, mkono wa kushoto unakakamaa, kisha anachanganyikiwa dakika 5. Carbamazepine na valproate zimeshindwa. EEG: mawimbi ya kulia panjani. Naomba MRI kwa protokali ya kifafa, pamoja na T2 ya koronali iliyokatwa kwa pembe ya hipokampasi. Swali: kuna kovu la hipokampasi ya kulia?"

Ni mistari sita. (Protokali ni orodha ya picha za kupiga; T2 ya koronali ni aina ya picha ya MRI iliyokatwa wima kutoka sikio hadi sikio.) Msomaji wa picha sasa anajua akodolee macho wapi. Utafutaji wa kitu cha milimita 4 ndani ya picha mia kadhaa bila kuelekezwa ni kutafuta sindano kwenye marobota ya pamba.

4. Mwandae mgonjwa siku moja kabla.

Dawa za kifafa hazisimamishwi. Liandike hili kwenye karatasi ya miadi kwa herufi kubwa. "Asile kitu" kwa familia nyingi humaanisha asimeze hata kidonge, na matokeo yake mgonjwa anaanguka kwenye foleni. Anameza dozi yake kwa maji kidogo hata kama amefunga kwa ajili ya usingizi wa dawa.

Alale usiku. Kukeshesha mgonjwa ni maandalizi ya EEG, MRI haihitaji hilo. Anayetoka mbali afike jana yake, asishuke kwenye basi la usiku kucha akaingia moja kwa moja kwenye mashine. Usingizi uliokatika na dozi iliyosahaulika kwenye begi ni mwaliko wa shambulio.

Mtu mzima wa MRI bila usingizi hana haja ya kufunga. Mtoto atakayelazwa usingizi kwa dawa: chakula chepesi au maziwa ya kopo mwisho saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hahitaji dawa kabisa: mcheleweshe kunyonya, anyonyeshwe ashibe pale pale dakika chache kabla, afungwe vizuri kwenye khanga isiyo na pini, masikio yafunikwe, na alale mwenyewe. Mama mwenye subira hapa anashinda mtaalamu wa usingizi.

5. Msafishe chuma mlangoni.

Sumaku ya MRI inafanya kazi hata kama mashine haipigi picha, hata usiku, hata umeme wa jengo ukikatika. Uliza, kisha uliza tena kwa maneno mengine, kwa sababu mtu huweza kukujibu "sina chuma" huku amevaa saa.

Pitia kuanzia kichwani: wigi na nywele za kushonea zenye waya, pini za hijabu, hereni, kipini cha pua, meno ya kuvaa, wanja na vipodozi vya macho vyenye chembe za chuma (huharibu picha ya sehemu ya mbele ya ubongo na vinaweza kupata joto), sidiria yenye waya, hirizi. Hirizi iulizwe kwa staha na faragha. Iko kiunoni au kwenye mkono chini ya shati, na nyingi zimefungwa kwa bati au waya. Mweleze kuwa ataivaa tena akitoka. Simu, funguo, sarafu na kadi za benki zibaki nje.

Ya kumzuia kabisa hadi ichunguzwe: kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, klipu ya zamani kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, vipande vya risasi. Fundi wa kuchomelea au kusaga chuma aliyewahi kuingiwa na kitu jichoni apigwe eksirei ya macho kwanza. Mtungi wa oksijeni wa chuma hauingii chumbani hata mgonjwa awe anakata roho. Utaruka, na utampiga yeye.

6. Kama ni CT.

Kwanza piga bila kontrasti, kila mara. Kontrasti ni nyeupe, na damu na chokaa ni nyeupe. Ukianza nayo umejifungia mlango. Hifadhi vipande vya milimita 1 hadi 1.25 ndani ya mashine hata kama unachapisha vya milimita 5. Punje ya chokaa ya milimita 2 humezwa na kipande kinene.

Angalia kwa dirisha tatu (mipangilio ya weusi na weupe wa picha): la ubongo, upana 80 na kitovu 40, la damu ya pembezoni, upana 200 na kitovu 75 hivi, la mfupa, upana 2500 na kitovu 500. Doa jeupe lipime: juu ya 100 kwa kipimo cha Hounsfield (kipimo cha CT cha weupe wa kitu) karibu hakika ni chokaa, 50 hadi 90 ni damu mpaka ithibitike vinginevyo.

Kontrasti ongeza ukishuku maambukizi, uvimbe, au kwa mwenye VVU. Dozi ni takriban mililita 1 kwa kilo, na subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kupiga. Ukipiga mara tu sindano ikitoka, kuta za jipu au kifuko hazijapata muda wa kung'aa.

7. Kama ni MRI.

Mwaka 2019 wataalamu wa shirikisho la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE, walichapisha protokali waliyoiita HARNESS-MRI. Moyo wake ni seti tatu tu, na mashine nyingi za 1.5 zinaziweza:

a) T1 ya pande tatu, vipande vya milimita 1 bila nafasi katikati, ukubwa wa 1 x 1 x 1. Hii ni ya kuona umbo na mpaka kati ya gamba la kijivu na tabaka jeupe.

b) FLAIR ya pande tatu, nayo 1 x 1 x 1. Makovu na uvimbe mdogo hung'aa huku maji ya ubongo yamezimwa.

c) T2 ya koronali, milimita 0.4 x 0.4 kwa unene wa 2, iliyokatwa kwa pembe ya mraba na mhimili mrefu wa hipokampasi.

Kila seti inachukua kati ya dakika 4 na 8. Ongeza seti ya damu na chokaa, SWI au T2 yenye nyota (T2*), hasa kwetu kwenye tegu na majeraha ya bodaboda. Gadoliniamu, dawa ya kontrasti ya MRI, si ya kila mtu. Mpe mwenye shaka ya uvimbe au maambukizi, milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa dawa ya nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita hiyo ni mililita 0.2 kwa kilo, yaani mililita 12 kwa mtu wa kilo 60. Mjamzito usimpe. Figo ikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, ongea na daktari wa radiolojia kwanza.

Mashine haina FLAIR ya pande tatu? Piga ya kawaida mara mbili, aksiali (vipande vya mlalo) na koronali, vipande vya milimita 3 na nafasi isiyozidi 0.3.

Sasa pembe ya hipokampasi, ambako wengi huteleza. Fungua T1 ya sajito (picha inayotazamwa kwa ubavuni), sogea pembeni kidogo kutoka katikati hadi uione hipokampasi imelala kama kidole kilichoinama, kichwa chake mbele na mkia nyuma. Weka mistari ya vipande iikate hiyo kama unavyokata karoti, wima dhidi ya urefu wake, kuanzia mbele ya kichwa cha hipokampasi hadi nyuma ya mkia. Ukikata kwa pembe ya kawaida ya kichwa unapata vipande vya mshazari, vinene upande mmoja, na upungufu wa milimita mbili unajificha humo.

8. Kagua kabla mgonjwa hajashuka kitandani.

Chukua dakika mbili. Kwenye koronali, tundu za mishipa ya sikio la ndani zinaonekana pande zote mbili kwenye kipande kimoja? Kama hazionekani, kichwa kimepinda, na hipokampasi moja itaonekana ndogo bila kosa lake. Kuna kivuli cha kutikisika? Ubongo mzima umeingia, pamoja na ncha za mbele za panja? Kurudia seti moja sasa ni dakika 6. Kumrudisha mgonjwa kutoka Sumbawanga ni miezi.

9. Soma kwa mpangilio, si kwa kuvutiwa.

Kumbuka kushoto kwa picha ni kulia kwa mgonjwa. Upande uliokosewa ndilo kosa linalopeleka kisu mahali pasipo.

Anza na ubongo mzima kwenye FLAIR: kuna uvimbe, damu, maji yaliyojaa, makovu makubwa ya kuzaliwa au ya malaria kali, kiharusi cha zamani?

Kisha nenda kwenye T2 ya koronali, ulinganishe hipokampasi mbili, kipande kwa kipande. Nzima ina mistari ndani kama kitunguu kilichokatwa katikati. Yenye kovu ina dalili tatu: imesinyaa, imeng'aa kwenye T2 na FLAIR, na ile mistari ya kitunguu imefutika. Ukiona zote tatu upande mmoja, una jibu. Kung'aa kidogo pande zote kwenye FLAIR bila kusinyaa mara nyingi ni hali ya kawaida ya eneo hilo. Vitone vidogo vya maji ndani ya hipokampasi, vilivyojipanga kama shanga, ni mabaki ya ukuaji. Viache.

Baada ya hapo zungukia gamba lote kwenye T1, mtaro kwa mtaro, kwa pande tatu. Hapa unatafuta gamba nene kuliko jirani, mpaka uliotiwa ukungu kati ya kijivu na nyeupe, au mkia mwembamba wa kung'aa kwenye FLAIR unaotoka chini ya mtaro kuelekea kwenye chumba cha maji. Hiyo ni hitilafu ya uumbaji wa gamba, na hujificha zaidi kwenye sakafu ya mtaro. Vivimbe vya rangi ya kijivu kwenye kuta za vyumba vya maji ni chembe zilizokwama njiani mtoto akiwa tumboni. Vikiwa na chokaa, na mtoto ana madoa meupe kwenye ngozi, fikiria tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kijeni unaootesha vivimbe mwilini.

Mpira wenye rangi mchanganyiko kama bisi, umezungukwa na pete nyeusi kwenye SWI, ni kavanoma, mshipa wenye kasoro uliovuja kidogo kidogo.

Tegu ana sura nne. Kifuko hai ni maji matupu chenye nukta ndani, hakina uvimbe pembeni. Kikianza kufa kinapata pete inayong'aa na uvimbe, na mashambulizi mengi huja wakati huu. Kisha kinakuwa kinundu, na mwisho punje ya chokaa. Pete moja ya chini ya milimita 20, ukuta laini, inaelekea kuwa tegu. Iliyozidi hapo, yenye ukuta wa mawimbi na inayosukuma ubongo, ifikirie kifua kikuu cha ubongo. Pete kadhaa ndani kabisa ya ubongo kwa mwenye CD4 chini ya 100 ni toksoplasma (maambukizi ya kimelea) mpaka matibabu yashindwe. Picha irudiwe baada ya wiki mbili za dawa.

10. Rudi kwenye maelezo ya shambulio.

Kilichoonekana kinalingana na jinsi kifafa kinavyoanza? Kitu kinachopanda tumboni ni panja. Mwanga unaometameta ni kisogo. Mkono wa kulia unaoanza kucheza wenyewe ni paji la kushoto, kwa nyuma. Mateke na makelele usingizini, sehemu ya mbele. Punje moja ya chokaa kisogoni kwa mtu ambaye shambulio lake linaanzia panjani huenda ni mpita njia tu. Chokaa kwenye tezi iliyo katikati ya ubongo, kwenye vyumba vya maji, na yenye ulinganifu ndani ya ubongo kwa mtu mzima ni ya kawaida. Imewahi kuitwa tegu mara nyingi mno.

Na kuna maeneo ambako picha ina la kusema kidogo. Mahenge, kwenye kifafa kinachoambatana na usubi (ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mtoni) na watoto wanaotikisa kichwa, MRI za baadhi zilionyesha mabadiliko ya hipokampasi na za wengine zilikuwa kawaida. Huko historia ya mto na usubi inabeba uzito kuliko filamu.

MGONJWA AKISHIKWA NDANI YA MASHINE

Simamisha seti. Toa kitanda nje ya tundu. Ondoa koili ya kichwa, mlaze ubavu, angalia saa. Mtoe nje ya chumba cha sumaku kwa machela isiyo ya chuma, kisha ndipo uanze dawa, maana toroli la dharura linakaa nje na lisiingizwe ndani. Shambulio likipita dakika 5: diazepamu ya mshipa miligramu 10 kwa mtu mzima, taratibu, au midazolamu miligramu 10 ya msuli kwa mwenye zaidi ya kilo 40. Mtoto asiye na njia ya mshipa, diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, isizidi miligramu 10. Kitufe chekundu cha kumwaga gesi ya sumaku hakihusiki hapa. Ni cha mtu aliyebanwa na chuma, na kukibonyeza ni kuizima mashine kwa siku nyingi kwa gharama kubwa.

IKIGOMA

MRI imerudi kawaida na mgonjwa bado anaanguka. Kwanza soma ilipigwaje. Kama ni vipande vya milimita 5, bila T2 ya koronali, hiyo haihesabiki. Omba upya kwa protokali. Kama ilikuwa nzuri, ipeleke kwa msomaji wa pili ukiambatanisha EEG na video. Picha zile zile, macho mengine, swali jipya: vidonda vidogo vya gamba hupatikana hivyo.

Gamba au hipokampasi imeng'aa na kuvimba siku mbili baada ya shambulio refu. Inaweza kuwa ni matokeo ya shambulio lenyewe, si chanzo. Rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Kikitoweka, kilikuwa moshi tu. Hipokampasi ikisinyaa, umeshuhudia kovu likizaliwa.

Mitaro yote imeng'aa kwenye FLAIR kwa mtoto aliyelazwa kwa dawa. Usikimbilie kuandika homa ya uti wa mgongo. Oksijeni nyingi anayopewa chini ya usingizi huleta sura hiyo. Linganisha na T1 na hali yake.

Mtoto chini ya miaka miwili, picha haieleweki. Tabaka jeupe halijakomaa, FLAIR inadanganya. Tegemea T1 na T2, na kama kifafa kinaendelea, rudia akifika miezi 24 hadi 30.

Umeona punje za chokaa tu na mtu anauliza albendazole. Mnyoo ameshakufa, hapo unatibu kifafa, hakuna wa kuua. Albendazole ni ya vifuko hai, ikisindikizwa na steroidi, baada ya kuangalia macho kwa kifaa, na isianzwe ubongo ukiwa umevimba au maji yamejaa bila kutibiwa. Kumuua mnyoo aliye jichoni kunaweza kumpofusha mgonjwa.

CD haifunguki. Mara nyingi imeandikwa bila programu ya kutazamia. Weasis ni programu ya bure na hufungua faili za DICOM, yaani faili asili za picha za hospitali. Usikubali picha za skrini zilizopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp kama ndizo kumbukumbu. Huwezi kubadili dirisha wala kukata kwa upande mwingine. Omba faili zenyewe kwenye flashi, weka nakala kituoni, mpe mgonjwa nyingine.

Kidonda kimoja kinalingana na maelezo na EEG, na dawa mbili zimeshindwa. Usibadilishe dawa ya tatu, ya nne na ya tano. Huyo ni wa kujadiliwa na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Upasuaji wa kifafa cha panja umeshafanyika Mbale, Uganda, kwa hiyo si jambo la ng'ambo pekee. Kwenye rufaa weka vitu vitatu: video ya shambulio, EEG, na faili kamili za MRI, si ripoti peke yake.